Dakika tano za O'Hehir: fainali ya 1947 iliyovuka bahari

Sisi tunaotangaza mpira redioni tunaogopa kusahau jina la mchezaji, lakini laini kukatika tunakuogopa zaidi. Yalishanikuta. Mechi ya mkoani, dakika ya 86, wenyeji wamepata penalti, mpigaji amerudi nyuma hatua tatu, nami napandisha sauti taratibu. Kumbe naongea peke yangu. Huko studio wameshaweka taarabu. Habari nilizipata baadaye kwa simu za watu waliotaka kunimeza.

Ndiyo maana kila nikifundisha watangazaji chipukizi, nawasimulia fainali ya mpira wa Kigaeli ya Ireland ya mwaka 1947 na mtangazaji wake wa redio, Michael O'Hehir. Kwanza lazima niwaeleze mchezo wenyewe, maana wengi hawajawahi kuuona.

Kila timu ina watu 15. Mpira unadakwa kwa mkono na unapigwa kwa mguu. Ukikimbia nao huruhusiwi kupita hatua nne kabla ya kuudundisha au kuugonga kwa mguu ukurudie mkononi. Nguzo za goli zina umbo la herufi H. Enzi hizo ukiupitisha mpira juu ya mtambaa panya ulipata pointi moja. Ukiutia kimiani chini yake ni goli, nalo lina thamani ya pointi tatu. Kwa hiyo matokeo hutajwa kwa namba mbili: 2-11 ni magoli mawili na pointi 11, jumla 17. Mtangazaji hapo ana kazi ya ziada, kwa sababu msikilizaji aliyechelewa kuwasha redio anataka namba mbili na jumla yake, tena haraka.

Ubingwa wa siku hizo ulikuwa wa mtoano mtupu. Kaunti zilimenyana ndani ya majimbo manne, mabingwa wa majimbo wakakutana nusu fainali. Ukifungwa mara moja unarudi shambani, na kwa baadhi yao ni shambani kwelikweli, maana wachezaji hawakulipwa mshahara. Mwaka huo Cavan wa Ulster waliwatoa Roscommon, na Kerry wa Munster, mabingwa watetezi, wakawatoa Meath. Cavan walikuwa na donda bichi: fainali ya 1943 walipoteza, ya 1945 wakapoteza tena.

Kwa kawaida fainali huchezwa Croke Park, Dublin. Ile ikapelekwa New York. Padri Michael Hamilton wa kaunti ya Clare ndiye aliyewashawishi wakuu wa chama cha mchezo huo, na waliompinga hawakuwa wachache. Hoja yake iligusa pabaya: ilikuwa imetimia miaka 100 tangu 1847, mwaka mchungu kuliko yote wa Njaa Kuu, ugonjwa ulipokwisha kuozesha viazi mashambani. Watu kama milioni moja walikufa katika miaka ile, na wengine wengi wakapanda meli kwenda Marekani. Safari hii fainali ingewafuata wajukuu wao kulekule. Kusema kweli mimi naona lilikuwa wazo la kichaa. Mpaka leo fainali hiyo haijawahi kuchezwa tena nje ya Ireland.

Wachezaji wengine walipanda ndege iliyotua njiani kupumzika kama daladala, wengine wakaenda kwa meli. Septemba 14 wakaingia Polo Grounds, uwanja wa besiboli. Jua kali, ardhi ngumu, na kile kichuguu anachosimama mrusha mpira wa besiboli hakikuondolewa. Hebu fikiria unamkimbiza mtu, macho juu, halafu ardhi inapanda chini ya mguu wako. Watazamaji walikuwa karibu 35,000, pungufu ya waliotarajiwa. Mpira ulirushwa na meya wa jiji, William O'Dwyer, mzaliwa wa Mayo, Ireland.

Kerry walianza kama moto wa makuti. Batt Garvey akafunga, Eddie Dowling akafunga, wakawa mbele kwa pointi nane. Kisha Dowling akaanguka vibaya kwenye ardhi ile akashindwa kuendelea. Cavan wakaamka: Joe Stafford akatikisa nyavu, na Mick Higgins, kijana aliyezaliwa humohumo New York, akaongeza la pili. Kwa magoli wakawa sawa, mawili kwa mawili, na ikabaki hivyo hadi mwisho. Mechi ikaamuliwa juu ya mtambaa panya. Peter Donohoe peke yake alipitisha pointi nane kati ya 11 za Cavan, nyingi kwa mipira ya adhabu, na magazeti ya New York yakamfananisha na Babe Ruth, nyota mkubwa wa besiboli. Cavan 2-11, Kerry 2-7. Kumi na saba kwa kumi na tatu.

Sasa turudi kibandani kwa mtangazaji. Michael O'Hehir alikuwa na miaka 27. Laini ya kwenda Ireland ilikodiwa hadi saa 11 jioni ya New York, ambayo kwao nyumbani ni saa 4 usiku. Hotuba na sherehe za kabla ya mechi zikala muda. Saa inakaribia kugonga, mpira bado unachezwa, Kerry bado wanatafuta, na huko vijijini watu wamejazana kwenye nyumba zenye redio. O'Hehir hakuwa na simu ya kumpigia mtu yeyote. Alichokuwa nacho ni maikrofoni tu. Basi akaomba hewani, katikati ya kutangaza: kama kuna yeyote njiani anayesikia, tafadhali atupe dakika tano zaidi. Akaendelea na mpira. Baadaye akaomba tena.

Hapo ndipo huwa nasimamisha darasa. Namwuliza kijana mmoja: wewe ungefanyaje? Wengi husema wangeharakisha maneno. O'Hehir hakuharakisha. Aliomba kwa adabu, akarudi kwenye mpira palepale ulipokuwa, na fundi mmoja mahali fulani kwenye waya ule mrefu akaiacha laini wazi mpaka filimbi ya mwisho.

Mimi tangu siku ile ya penalti natangaza matokeo kila baada ya dakika mbili, hata kama ni 0-0.