Je, Wajua Kwa Nini Ada ya Asilimia 1 Hula Robo ya Akiba Yako?

Asilimia 1 kwa mwaka husikika kama si kitu. Lakini mshauri wa uwekezaji anayetoza hivyo hakati kwenye faida peke yake. Anakata kwenye mali yote uliyomkabidhi, mtaji na faida yake, kila mwaka, hata mwaka wa hasara.

Chukua 1,000,000 za sarafu yoyote. Zikikua kwa asilimia 7 kila mwaka bila ada, baada ya miaka 30 zinafika takriban 7,612,000. Ada ikishusha ukuaji hadi asilimia 6, unapata takriban 5,743,000. Pengo ni 1,869,000: karibu robo ya jumla, na karibu mara mbili ya mtaji ulioanza nao. Kwa ada ya asilimia 2 unabaki na takriban 4,322,000 tu.

Sababu ni kwamba fedha iliyokatwa haiendi peke yake. Iliyokatwa mwaka wa kwanza inaondoka na faida yote ambayo ingezaa katika miaka 29 iliyobaki. Kwa hiyo makato ya mwanzo, yanayoonekana madogo, yana uzito kuliko ukubwa wake. Mfumuko wa bei nao huongeza maumivu: ukuaji ukiwa asilimia 6 kabla ya ada na bei zikipanda kwa 4, faida halisi ni kama 2, na ada ya asilimia 1 inachukua nusu yake.

Tena, ada ya mshauri mara nyingi ni tabaka la juu tu. Mfuko wa uwekezaji wa pamoja anaokuchagulia una ada yake, inayokatwa kidogokidogo kabla bei ya kipande, yaani sehemu moja ya mfuko unayonunua, haijatangazwa; ndiyo maana wengi hawajui kama wanailipa. Mifuko mingine hutoza pia ada ya kuingia. Ikiwa ni asilimia 5, katika kila 100 zinawekezwa 95, na hizo 95 lazima zikue kwa asilimia 5.26 ndipo urudi ulikoanza.

Mshauri asiyekutoza chochote anastahili kuhojiwa zaidi, kwa sababu huenda analipwa kamisheni na kampuni ambayo bidhaa yake anakupendekezea. Mgongano huo wa maslahi ndio ulioifanya Uingereza, kuanzia mwisho wa 2012, ipige marufuku kamisheni za aina hiyo kwenye ushauri mpya wa uwekezaji kwa wateja wa kawaida.

Ada ya mkupuo, yaani kiasi kimoja kwa mpango mzima, ni ya haki zaidi kwa mwenye mtaji mkubwa, maana kazi ya kupanga haiongezeki maradufu kwa sababu fedha zimeongezeka maradufu. Mwenye akiba ndogo apige hesabu kwanza: 20,000 kwenye akiba ya 200,000 ni asilimia 10 kwa mara moja.

Kabla ya kusaini, omba jibu la maandishi, kwa kiasi cha fedha badala ya asilimia: mwaka huu nitalipa jumla ngapi, kwa nani, kwa huduma ipi? Ukiwa unahama kutoka mfuko mwingine, uliza pia ada ya kutoka huko, kwani inaweza kumeza nafuu ya miaka kadhaa unayoifuata.