Je, wajua ilikuwaje Amelia Dyer akaua watoto wachanga kwa miaka mingi na sheria ya kuwalinda ipo?

Tarehe 30 Machi 1896, mwendesha mashua katika Mto Thames, pale mji wa Reading nchini Uingereza, aliona furushi majini. Ndani mlikuwa na maiti ya mtoto wa kike, imeviringishwa kwa karatasi za kaki. Polisi mmoja aliichukua ile karatasi akaitazama kwa hadubini, na maandishi yaliyofifia kwa maji yakaanza kusomeka: Mrs Thomas, na anwani ya Caversham, ng'ambo tu ya mto.

“Mrs Thomas” lilikuwa jina la bandia. Mwenyewe aliitwa Amelia Dyer, mwanamke aliyekaribia miaka 60, aliyewahi kusomea uuguzi. Kazi yake ilikuwa kupokea watoto wachanga wa watu wengine kwa malipo, na alikuwa ameifanya tangu miaka ya 1860.

Usishangae kwamba wateja hawakukosekana. Sheria ya maskini ya mwaka 1834 ilikuwa imemtwika mama mzigo wote wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, na kumdai baba matunzo kukawa kugumu mno. Msichana wa kazi akipata mimba, kazi imeota mbawa, na mara nyingi hata kwao hapokelewi. Akijifungua, afanyeje? Hawezi kwenda kazini na mtoto mgongoni. Kuasili mtoto kisheria nako hakukuwepo. Uingereza ilipata sheria hiyo mwaka 1926. Kilichobaki ni matangazo madogo gazetini: mume na mke wasio na watoto, nyumba nzuri shamba, wanatafuta mtoto wa kulea.

Hapo kwenye malipo ndipo penye siri ya biashara yenyewe. Kulikuwa na njia mbili: kulipa kila wiki, au kulipa mara moja na kumaliza. Mlezi anayelipwa kila wiki ana faida mtoto akiishi. Aliyelipwa mkupuo, kila kikombe cha maziwa kinamega faida yake. Wapo waliowanywesha watoto dawa ya maji yenye afyuni, iliyouzwa waziwazi madukani, wakalala mchana kutwa bila kulilia chakula, wakakonda mpaka wakafa. Daktari akija, anaandika kwamba mtoto alikuwa dhaifu. Na mtoto aliyezaliwa mfu hakuandikishwa popote, kwa hiyo mtoto aliyevuta pumzi angeweza kuzikwa kwa madai kwamba hakuwahi kuvuta.

Serikali haikuwa gizani. Mwaka 1870 mwanamke mwingine, Margaret Waters, alinyongwa London kwa biashara hiyohiyo, na mwaka 1872 bunge likapitisha sheria ya kulinda uhai wa watoto wachanga. Isome vizuri uone shimo lake: aliyetakiwa kujiandikisha ni yule anayepokea kwa malipo watoto zaidi ya mmoja wa chini ya mwaka mmoja. Mwenye mtoto mmoja hakuhusika. Baadhi ya watetezi wa wanawake waliipinga, wakihofia kwamba ingewabana akina mama maskini wanaotunziana watoto ili waende vibaruani. Hofu yao ilikuwa na msingi, lakini mtoto mmoja aliyekabidhiwa mgeni alibaki bila mtu wa kumuulizia. Kwa Dyer ilitosha kuwamaliza mmojammoja.

Mwaka 1879 alikaribia kunaswa. Daktari aliingiwa na shaka kwa wingi wa vifo alivyokuwa akiitwa kuvithibitisha. Lakini Dyer hakushtakiwa kwa mauaji. Alihukumiwa kwa uzembe, akapewa miezi sita ya kifungo na kazi ngumu. Kwangu mimi hili ndilo kosa zito kuliko yote katika kisa hiki. Alitoka na funzo moja: asiite madaktari tena, maiti azitupe mwenyewe. Akawa anahama mji hadi mji na kubadili majina.

Sasa rudi kwenye ile Machi ya 1896. Siku moja tu baada ya furushi kuonekana mtoni, mhudumu wa baa wa mjini Cheltenham alimkabidhi Dyer binti yake Doris, wa miezi michache. Mama huyu alikuwa ameomba alipe kidogokidogo kila wiki, kwani alitumaini kumchukua mwanawe hali ikitengemaa. Dyer akakataa: pauni 10, mara moja. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama alimsindikiza hadi stesheni, akapanda naye treni mpaka Gloucester, ndipo akaachana nao. Usiku uleule Doris alinyongwa kwa utepe mweupe wa kushonea. Kesho yake utepe huohuo ukatumika kwa mtoto wa kiume wa miezi 13. Miili yote miwili ilitiwa kwenye begi pamoja na matofali, ikatoswa mtoni.

Polisi walipovamia nyumba yake tarehe 3 Aprili walikuta utepe, stakabadhi za nguo za watoto zilizowekwa rehani, na barua za akina mama wakiulizia hali ya watoto wao. Siku 11 baada ya kuagana na Doris, mama yake aliitambua maiti.

Mwezi Mei, baraza la wazee wa mahakama lilimtia Dyer hatiani kwa chini ya dakika tano, likikataa hoja kwamba alikuwa na wazimu. Kesi ilihusu kifo cha Doris peke yake, na idadi ya wengine haikuwahi kujulikana. Alinyongwa katika gereza la Newgate tarehe 10 Juni 1896.

Sheria zilirekebishwa kwa vipande. Ilichukua hadi 1908 kuweka wazi kwamba hata mtoto mmoja wa kulelewa kwa malipo lazima atolewe taarifa. Kabla ya hapo, mwaka 1897, bunge lilikuwa limeziba ufa aliopitia Dyer: anayepokea mtoto wa chini ya miaka miwili kwa malipo ya mkupuo yasiyozidi pauni 20 aitaarifu mamlaka ndani ya saa 48. Wakati huo Doris angekuwa ameanza kutembea.