Ukulele ya kale: chungulia ndani kabla ya kuisugua

Mtu wa kwetu akisikia neno "ukulele" kwa mara ya kwanza, sikio humpeleka kwenye ukelele, yaani yowe. Kumbe ni kigitaa kidogo cha nyuzi nne, na neno lenyewe ni la Kihawaii: ʻuku ni kiroboto, lele ni kuruka. Wengi husema jina lilitokana na vidole vya mpigaji vinavyorukaruka juu ya nyuzi. Malkia Liliʻuokalani, mtawala wa mwisho wa ufalme wa Hawaii, alipenda maana nyingine: zawadi iliyokuja. Mimi naegemea upande wa Malkia, maana kweli ilikuja, tena kwa meli tunayoijua kwa jina.

Meli hiyo ni Ravenscrag. Ilitia nanga Honolulu tarehe 23 Agosti 1879 ikiwa na Wareno zaidi ya 400 kutoka kisiwa cha Madeira, waliokwenda kufanya kazi za mkataba katika mashamba ya miwa. Ndani yake walikuwamo maseremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Kwao Madeira kulikuwa na kigitaa cha nyuzi nne kiitwacho machete, na kikubwa chake cha nyuzi tano, rajão. Watatu hao walipoachana na mashamba wakafungua karakana mjini, wakitengeneza samani na ala za muziki. Kati ya mikono yao na masikio ya Wahawaii ikazaliwa ala mpya: umbo la machete, mpangilio wa sauti wa rajão. Ndiyo maana uzi wa nne wa ukulele, ulio juu kabisa mpigaji anapoishika, hautoi sauti nene kama wa gitaa. Sauti yake ni nyembamba, karibu na ya uzi wa kwanza, na hapo ndipo inapotoka ile sauti ya kuchekacheka.

Baadaye Nunes alibandika ndani ya ala zake lebo inayodai kwamba yeye ndiye mvumbuzi wa ukulele, mwaka 1879. Biashara hiyo. Dias na Espírito Santo nao walikuwa wakitengeneza ala hizohizo miaka ya 1880, na mwaka 1879 wote watatu ndio kwanza walikuwa wanashuka melini. Lebo ni ushahidi wa nani aliuza. Ushahidi wa nani alitengeneza, na vipi, uko kwenye mbao.

Mbao yenyewe ni koa, mti wa jamii ya akasia unaoota Hawaii peke yake, ambao Wahawaii walikuwa wakiuchonga mitumbwi karne nyingi kabla ya Mreno yeyote kufika. Rangi yake huanzia asali hadi kahawia iliyoiva, na kipande chenye mawimbi, ukikigeuzageuza kwenye mwanga, hucheza kama kitambaa cha hariri. Mawimbi hayo ndiyo humvuta mnunuzi. Fundi anayejua huanza kwa kuipima uzito mkononi.

Ukulele ndogo ya zamani, ile ya ukubwa wa kwanza, ina urefu wa sentimita 53 hivi na haifiki nusu kilo. Ukiishika unajihadhari bila kuambiwa, kama mtu aliyepewa kifaranga. Uso wake, yaani ubao wa mbele wenye tundu, mara nyingi una unene usiozidi milimita mbili, na fundi aliufikisha hapo kwa randa na kikwaruzo, akigonga kwa kidole na kusikiliza, akipunguza tena kidogo. Mbavu, zile mbao za pembeni, ni vipande vyembamba vilivyoloweshwa na kukunjwa juu ya chuma cha moto. Ukizidisha moto zinaungua, ukipunguza zinavunjika. Zaidi ya hapo, nguzo za kuimarisha ndani ni chache mno, mara nyingine vijiti viwili vitatu tu chini ya uso.

Kwamba wepesi huo ulikuwa ujuzi, si ubahili wa mbao, kunathibitishwa na kampuni ya C. F. Martin ya Nazareth, Pennsylvania, mabingwa wa magitaa. Walijaribu kutengeneza ukulele mwaka 1907 kwa mtindo wa gitaa: uso wa mbao ya sprusi, mti unaofanana na msonobari, na nguzo nyingi ndani. Sauti ikagoma, biashara ikagoma. Kisha mwaka 1915 yakaja maonyesho makubwa ya San Francisco, banda la Hawaii likajaa watu, na Marekani nzima ikashikwa na homa ya ukulele. Martin wakarudi karakanani, safari hii na mbao nyembamba na nguzo chache, na kuanzia 1916 ukulele zao zikawa miongoni mwa bora kuwahi kutengenezwa. Mabingwa wa gitaa walilazimika kujifunza kutoka kwa maseremala wa kabati.

Homa ile ilizaa pia waigaji. Viwanda vya bara la Marekani vilianza kutoa ukulele zenye majina yanayosikika kama ya Kihawaii, na mafundi wa Honolulu wakajibu kwa muhuri wa moto wenye nembo ya ufalme na neno TABU, yaani marufuku kuiga. (Kwa Kiswahili neno hilo linasomeka vingine, na tabu wameipata kweli wakusanyaji waliouziwa bandia.)

Sasa tuiweke mezani. Ninachohitaji ni taa ndogo na kioo cha daktari wa meno. Napitisha kioo kwenye tundu la sauti na kuangalia mgongo kwa ndani. Mashine huacha uso uliosawazishwa. Mkono huacha mistari ya randa isiyolingana, tone la gundi lililokauka likiwa linateremka, alama ya penseli pale fundi alipopima katikati ya ubao. Nimewahi kuona alama ya kidole kwenye gundi. Kisha natazama urembo wa kamba unaozunguka tundu: vipande vidogo vya mbao nyeusi na nyeupe vilivyokatwa mshazari na kupangwa kwa zamu hadi jicho linaona kamba iliyosokotwa. Kwenye kazi ya mkono utakuta mahali ambapo kamba ilipokutana na mwanzo wake haikutosha, na fundi akachomeka kipande kimoja chembamba kuliko wenzake. Hapo ndipo ninapotabasamu.

Kwa zile za Martin tunasoma pia kichwa cha shingo, kwa sababu isipokuwa chache za mwanzoni hazina namba za utengenezaji. Muhuri uliokandamizwa nyuma ya kichwa kwa kawaida ni wa kabla ya katikati ya miaka ya 1930. Jina lililobandikwa mbele kwa kibandiko chembamba cha kulowesha ni la baadaye.

Gundi ya mafundi wa zamani ilipikwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama. Ina sifa moja ninayoithamini kuliko zote: inakubali kuachia. Maji ya uvuguvugu na kisu chembamba butu vinatosha kufungua kiungo bila kuumiza mbao, ukakitengeneza na kukifunga tena. Gundi za kisasa za dukani hazina huruma hiyo. Tulipokea ukulele moja iliyopasuka uso, mwenyewe akiwa ameziba ufa kwa gundi ya papo hapo, akasugua uso wote kwa msasa, akapaka vanishi inayong'aa. Aliifanya kwa mapenzi, sina shaka. Lakini ufa ungefungwa kwa siku mbili, na uso uliopunguzwa kwa msasa haurudi. Milimita mbili zikiwa moja na kidogo, daraja linaloshika nyuzi huanza kuzama, na sauti hubaki ya kopo.

Mikwaruzo nayo tunaiacha. Katika makumbusho ya Martin kuna ukulele ya koa iliyokuwa ya baharia Richard Konter, aliyekuwa kwenye msafara wa Mmarekani Richard Byrd huko Aktiki, eneo la Ncha ya Kaskazini, mwaka 1926. Ilipenyezwa ndani ya ndege ya Byrd na Floyd Bennett siku waliyoruka kuelekea Ncha ya Kaskazini (kama waliifikia, wanahistoria bado wanavutana). Konter aliwasainisha watu juu ya mbao yake: wenzake wa msafara, Roald Amundsen, Mnorwe msafiri wa ncha za dunia, Thomas Edison, Rais Calvin Coolidge, zaidi ya saini mia moja. Nyingi zilififia hadi jicho likashindwa kuzisoma, na wataalamu wakazifufua kwa kamera zinazonasa mwanga ambao jicho halioni. Kitambaa kimoja chenye polishi, asubuhi moja ya usafi, kingezifuta zote.

Pwani yetu ukulele za aina hii ni nadra, ila ushauri wake unafaa pia udi na gambusi lililotundikwa ukutani kwa babu. Adui mkubwa ni kupanda na kushuka kwa unyevu: joto la Mombasa au Dar es Salaam linalegeza gundi na kuleta ukungu, kisha chumba chenye kiyoyozi kinakausha mbao mpaka inapasuka. Weka ala kwenye sanduku lake, mbali na ukuta wa nje na mbali na kiyoyozi. Usifunge nyuzi za chuma kwenye ala iliyoumbiwa nyuzi za utumbo au nailoni. Mvuto wake utang'oa daraja. Vumbi lifutwe kwa brashi laini kavu. Ikiwa kuna kipande kilichobanduka, hata chembamba kama ukucha, kitie kwenye bahasha, andika kilitoka wapi, uiweke ndani ya sanduku lilelile. Mara nyingi bahasha hiyo ndiyo kitu cha kwanza ninachoomba.