Kiasi cha thina katika rangi ya mafuta inayopuliziwa

Geti likitoka katika karakana yangu hapa Kisumu likiwa na uso wa vijishimo kama ganda la chungwa, simlaumu aliyetengeneza rangi, kwa sababu mara nyingi kosa nililifanya mwenyewe nilipokuwa nikimimina thina, yaani kimiminika cha kuzimulia rangi. Rangi ya mafuta ikiwa nzito, hewa ya kompresa haiipasui vizuri, na matone makubwa yanayotua juu ya chuma huanza kukaza kabla hayajaungana na kusawazika. Ikiwa nyepesi kupita kiasi, hutiririka kwenye nondo zilizosimama na kuzikimbia kingo, yaani pale pale ambapo kutu hupenda kuanzia.

Kazi hii nilijifunzia Nakuru, ambako fundi wangu aliinua kijiti kutoka kwenye mkebe na kutazama rangi inavyodondoka. Jicho lake lilikuwa limezoea ubaridi wa mji ulio mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Nilipohamia huku ziwani, chini kwa mita 700 hivi, kijiti kilinidanganya karibu kila siku, kwa maana joto pekee hulainisha rangi, na mkebe uliokuwa mzito saa mbili asubuhi huwa mwepesi saa nane mchana bila kuongezwa chochote.

Siku hizi natumia kikombe cha kupimia chenye tundu la milimita 4 chini. Nakijaza hadi ukingoni huku nimeziba tundu kwa kidole, naachilia, kisha nahesabu sekunde mpaka uzi wa rangi ukatike mara ya kwanza. Kwa bunduki yangu ya kupulizia rangi, ambayo pua yake ni milimita 1.5, nataka sekunde 20 hadi 25. Asiye na kikombe hicho anaweza kutoboa kopo dogo. Sekunde zake hazitalingana na zangu, lakini atakuwa na kipimo kimoja cha kulinganishia kazi ya leo na ya jana.

Kabla ya thina, utando wa juu hutolewa wote, wala hauvunjwi ndani, na tope la chini hukorogwa mpaka lipande. Kwa lita 4 naanza na mililita 400, kisha naongeza 100 kwa 100, nikipima kila mara. Hesabu yenyewe inafaa kukumbukwa: ikiwa nusu ya rangi ndiyo inayobaki baada ya kukauka, lita 4 zina lita 2 za kubaki, ukiongeza lita nzima ya thina, kinachobaki hushuka hadi asilimia 40, na utalazimika kupuliza koti, yaani tabaka za rangi, zaidi ili kupata unene ule ule. Mwisho nachuja kwa soksi ya nailoni.

Aina ya thina nayo ina neno lake. Rangi ya kawaida ya mafuta hutaka tapentaini ya madukani, isipokuwa maandishi ya mkebe yaseme vingine. Thina kali ya rangi za magari huruka upesi mno katika joto la Kisumu; matone hukauka yakiwa hewani, na uso huparara kama msasa. Ikipuliziwa juu ya koti la mafuta ambalo halijakomaa, hulivimbisha na kulikunja. Mafuta ya taa hukawia kutoka na kuiacha rangi ikiwa laini, ilhali petroli karibu na mota ya kompresa ni kutafuta moto, hata kama jirani yako ameitumia miaka kumi.

Napuliza asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaamsha vumbi, na umande wa usiku usikute rangi mbichi ukaua mng'ao wake. Bunduki hukaa sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye chuma, na kila mpigo hufunika nusu ya uliotangulia. Koti la kwanza ni jepesi. Likianza kunata kidoleni bila kuchafua, ndipo hufuata lililoshiba.

Rangi iliyosalia sirudishi kwenye mkebe wake. Huiweka katika kopo la pembeni lenye kifuniko, nikaandika juu tarehe na sekunde zake, na hata hivyo huipima upya kabla ya kuitumia.