Mchaichai ama DEET? Uliza kwanza inakaa masaa mangapi

Disemba ikikaribia na watu wa Nairobi wakianza kupanga safari ya ushago, sisi tunaofanya kazi na wadudu tunaulizwa swali moja kila siku: nijipake dawa ya kufukuza mbu ya asili ya mchaichai ama hii ya kemikali ya duka la dawa, inayoitwa DEET? Ni swali la maana sana, kwa sababu hapa kwetu mji uko juu na kuna baridi, malaria ni kidogo, mbu wengi wanaotusumbua Pipeline na Kayole ni wale wa maji machafu ya mitaro, wanakunyima usingizi tu lakini malaria hawabebi, sasa ukishuka Busia, Siaya ama Kwale unakutana na mbu wengine kabisa na mwili wako hauna ile kinga ya mtu anayeishi huko.

Mimi nasema hivi, mambo ya asili ama kiwanda wacha kando kwanza, uliza inakaa masaa mangapi.

Njia moja ya kupima ni hii: mtu anajipaka dawa kwa mkono, anaingiza huo mkono ndani ya kizimba cha neti chenye mbu majike wenye njaa (dume haumi), halafu watu wanaangalia saa mpaka wa kwanza aume. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2002 ulipima hivyo, DEET ya karibu asilimia 24 ikakaa dakika 302, yaani masaa matano, lakini mafuta ya sitronela, ambayo ni ndugu wa mchaichai wetu, hayakufika hata dakika 20. Bangili za kufukuza mbu hazikusaidia kitu.

Si eti mmea hauna nguvu. Uko nayo, shida ni kwamba ile harufu inayomkimbiza mbu ndiyo hiyo hiyo inaruka hewani haraka, ongeza jasho la Kisumu jioni, unajipaka mkikaa kula na kabla sahani zitolewe mezani imeisha, na wewe bado unaamini umejikinga. Hapo ndipo watu wanaumwa.

Kuna mmea mmoja unaoshindana vizuri na DEET, mkaratusi wenye harufu ya limau. Dawa yake inaitwa PMD, inakaa masaa kadhaa, lakini tafadhali, hiyo si ile mafuta ya mkaratusi unayonusa ukiwa na homa ya mafua, angalia lebo iandikwe PMD, na mtoto chini ya miaka mitatu asipakwe.

Na asili haimaanishi haina madhara. Pareto ni ua, linalimwa kwetu Molo na Nakuru, na linaua wadudu na hata samaki, kemikali za koili nyingi za kuchoma kufukuza mbu na za neti zenye dawa zilitengenezwa kwa kuiga hiyo pareto. Kinachoniuma zaidi ni mtoto mchanga kupakwa mafuta makali ya mmea bila kuchanganywa, ngozi inababuka. Limau nayo ukijipaka halafu utoke juani inaweza kukuchoma vibaya.

DEET imetumiwa na raia tangu 1957, kwa hivyo si kitu cha kujaribiwa juzi. Kwa mtu mzima asilimia 20 mpaka 30 inatosha, soma maandishi madogo nyuma ya chupa, na kama asilimia haijaandikwa usinunue. Inaharibu plastiki, kwa hivyo chunga miwani na saa. Kama unatumia mafuta ya kukinga jua, hayo ndiyo ya kwanza, dawa ya mbu inakuja juu yake. Mtoto usimpake viganjani maana atatia mdomoni, na chini ya miezi miwili usimpake kabisa, mweke ndani ya neti.

Neti yenyewe hakuna dawa ya kujipaka inayochukua nafasi yake, mbu wa malaria wengi wanauma usiku ukiwa umelala na hakuna mtu wa kuamka saa nane kujipaka tena. Mbu wanaobeba homa ya dengi huko Mombasa wanauma mchana, huko jipake asubuhi pia.

Na ukirudi Nairobi upate homa, hata kama wiki mbili zimepita, nenda upimwe siku hiyo hiyo na umwambie daktari ulikuwa wapi, usingoje akuulize.