Duka la mtandaoni, vitabu vya hesabu na EFRIS: ulichopokea sicho ulichouza

Malalamiko tunayoletewa siku hizi na wenye maduka ya mtandaoni hapa Uganda yanafanana. Mtu amemlipa fundi wa programu, duka limeunganishwa na programu ya uhasibu, kila oda inaingia vitabuni yenyewe. Kisha anaambiwa kwamba ankara zake za EFRIS, mfumo wa Mamlaka ya Mapato wa kutoa ankara kielektroniki, na ritani yake ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, hazilingani. Anatufikia akiwa na hasira, na fundi wake hapokei simu.

Kuunganisha duka na programu ya uhasibu ni jambo jema na tunalihimiza. Lakini kiungo hicho kinakufikisha kwenye vitabu vyako tu. Kutoka vitabuni hadi EFRIS kuna kiungo cha pili, nacho kina taratibu zake: maombi, majaribio kwenye mfumo wa majaribio wa Mamlaka ya Mapato, halafu ndipo unaruhusiwa kuingia kwenye mfumo wenyewe. Barua pepe ambayo duka humtumia mteja baada ya kulipa, hata ikiwa na nembo yako na neno "risiti" kwa herufi kubwa, si ankara ya kodi. Ankara ya kodi ina namba ya hati, ile inayoitwa FDN, pamoja na msimbo wa QR ambao mnunuzi anaweza kuuhakiki kwa simu yake. EFRIS ilianza Julai 2020. Inachosha kidogo kuambiwa leo kwamba mtu ndio kwanza anaisikia.

Wanaohusika kwanza ni waliosajiliwa VAT. Usajili ni wa lazima mauzo yanayotozwa kodi yakivuka shilingi milioni 150 kwa mwaka, na hapa wengi hujidanganya kwamba wana mwaka mzima wa kusubiri. Ukivuka robo ya kiwango hicho, yaani milioni 37.5, ndani ya miezi mitatu, una siku 20 tangu miezi hiyo iishe kuwasilisha maombi. Duka la mtandaoni linaweza kufika hapo kwa msimu mmoja wa sikukuu.

Sasa tuje kwenye tatizo lenyewe, ambalo karibu kila mara linaanzia kwenye malipo. Tuseme mteja wa Ntinda, Kampala, amenunua viatu kwa shilingi 118,000 na umemtoza 5,900 za kumpelekea kwa boda, bei zote zikiwa na VAT ndani. Jumla ni 123,900. Kampuni inayokupokelea malipo inakata ada yake, tuseme 3,900, na kwenye akaunti yako zinaingia 120,000. Programu ya uhasibu iliyofungwa kwenye akaunti ya benki peke yake itaandika mauzo ya 120,000, kwa sababu ndicho ilichokiona. Hapo umekwisha kosea. Mauzo ni 123,900, VAT yake kwa asilimia 18 ni 18,900, na zile 3,900 ni gharama inayoandikwa mahali pake. Ukikokotoa VAT kutoka kwenye 120,000 unapata takriban 18,305. Tofauti haifiki shilingi 600, na ndiyo maana hakuna anayeishtukia, mpaka oda zifike elfu moja kwa mwezi.

Nauli ya boda nayo ina maswali yake. Ikiwa wewe ndiwe unayemtoza mteja, ni sehemu ya mauzo yako na inafuata kodi ya bidhaa. Ikiwa mteja anamlipa mwenye boda mkononi, haikuhusu, usiiandike.

Jambo la pili ni lini ankara itoke. Mafundi wengi huseti mfumo utoe ankara pale oda inapowekewa alama ya kukamilika, na duka lingine huweka alama hiyo wiki mbili baadaye, likishahakikisha mteja hakurudisha mzigo. Sheria ya VAT haisubiri hivyo. Kodi inahesabiwa tangu lile lililotangulia kati ya matatu: bidhaa kukabidhiwa, malipo kupokelewa hata kama ni ya sehemu tu, au ankara kutolewa. Mteja akilipa kwa pesa za simu tarehe 30 Machi na ukamtumia mzigo tarehe 2 Aprili, mauzo hayo ni ya Machi.

Stoo ndipo mifumo inapogomeana zaidi. EFRIS haikuruhusu kuuza kitu ambacho hukukiingiza kwanza, na kila bidhaa lazima iwe na msimbo wa kundi lake na kipimo chake. Umeingiza katoni 20 za viatu kutoka Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya Kampala, duka lako linauza kwa jozi, na hakuna aliyeuambia mfumo katoni moja ina jozi ngapi. Oda ya jozi 25 itakataliwa kwa sababu mfumo unaona vitu 20 tu. Mtandao hauna kosa hapo, wala sisi. Linganisheni vipimo kabla ya kuunganisha chochote.

Mteja akirudisha bidhaa, kuifuta oda dukani hakuifuti ankara. Inatakiwa noti ya krediti, yaani hati ya kupunguza au kufuta ankara, inayotaja ankara ya awali na sababu ya kurudishwa. Na wekeni nafasi ya TIN, yaani namba ya mlipakodi, ya mnunuzi kwenye ukurasa wa kulipia. Mfanyabiashara aliyesajiliwa VAT anayenunua kwako anahitaji ankara yenye TIN yake ili adai kodi aliyolipa. Ukimtolea kama mteja wa kawaida, atarudi kwako.

Kuhusu tarehe na adhabu, ritani ya VAT ya mwezi inawasilishwa kabla ya mwisho wa tarehe 15 ya mwezi unaofuata, hata kama hukuuza chochote. Ukichelewa, adhabu ni asilimia 2 ya kodi inayodaiwa au shilingi 200,000, ile iliyo kubwa, kwa kila mwezi wa kuchelewa. Anayedaiwa milioni 4 atatozwa 200,000, kwa kuwa asilimia 2 ni 80,000 tu. Anayedaiwa milioni 30 atatozwa 600,000. Riba ya asilimia 2 kwa mwezi juu ya kodi ambayo haijalipwa ni jambo jingine, inajumlishwa. Kumbukumbu zitunzwe miaka mitano, na sheria inataka ziwe kwa Kiingereza. Dukani andika dera na kandambili upendavyo, wateja wako wanaelewa, ila hakikisha vitabu vinasomeka.

Yapo maneno ambayo tumeyajibu mara nyingi mno. Ile asilimia 0.5 inayokatwa ukitoa pesa kwenye simu ni ushuru wa kutoa pesa. Hailipi VAT wala kodi yako ya mapato. Kuuza kwa WhatsApp ni kuuza. Mzigo uliopakiwa kwenye basi la Nairobi bila hati za forodha hauhesabiki kuwa bidhaa iliyouzwa nje kwa VAT ya kiwango cha sifuri, hata kama mteja ni Mkenya halisi. Na kosa la plagini, ile programu ndogo inayounganisha mifumo, humwangukia mwenye TIN. Mkataba wako na fundi ni kati yako naye.

Ofisi yetu haipendekezi programu ya kampuni yoyote, na makala haya hayachukui nafasi ya ushauri juu ya hesabu za mtu mmoja mmoja. Ila kabla ya kummalizia fundi malipo yake, mwambie akuonyeshe mbele ya macho yako mauzo yenye punguzo, mauzo yaliyorudishwa nusu, na mauzo yaliyofanyika mtandao ukiwa umekatika. Hilo la tatu ndilo wanalolikwepa. Uliza ankara zilizokwama zinajipanga wapi, nani anaziona, na zikitumwa tena zinatoka mara moja au mara mbili. Asipoweza kukuonyesha orodha hiyo kwenye skrini, mfumo bado haujawa tayari.