Hassan na Hussein Si Mtu Mmoja

Ujumbe ulinifikia Jumanne usiku: "Kaka, mwezi huu mgeni ni nani? Kama ni mtu wa hapahapa Malindi, mimi mtanisamehe." Aliyeandika ni kijana ninayempenda, fundi mzuri wa hifadhidata katika hoteli moja ya ufuoni. Lakini swali lake nimeulizwa na wengi, mwezi baada ya mwezi, tangu nilipokabidhiwa kazi ya kutafuta wageni wa kuzungumza katika kikao chetu cha kila mwezi, sisi watu wa hifadhidata wa hapa Malindi. Leo nalijibu kwa urefu.

Imani yenyewe ni hii: mgeni wa maana ni aliyeshuka uwanja wa ndege, au angalau aliyelala kwenye basi la Nairobi, na nyuma ya jina lake pana cheo na kampuni kubwa. Wa hapa kwetu atatuambia nini? Na kila ninapobisha, natupiwa methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sawa. Apone nini? Mganga asiyeuliza unaumwa wapi atakupa dawa aliyokuja nayo mfukoni.

Mgeni wa mbali kwa kawaida huanza na Codd, yule mtaalamu wa kampuni ya kompyuta ya IBM aliyetoa makala yake ya modeli ya uhusiano, yaani data kupangwa katika majedwali, mwaka 1970. Halafu anapita kwenye seva zilizotawanywa mabara matatu, na mwisho anatuambia tuhamie kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi mtandaoni. Hakuna baya hapo. Codd mwenyewe alitaka kila safu, yaani kila mstari wa jedwali, itambulike kwa thamani zake, kwa ufunguo usiorudiwa kwa mwingine, na hilo ni jambo kubwa. Ila mgeni hafiki kwenye swali tunalolala nalo sisi: ufunguo wa mtoto mchanga ni upi? Kitambulisho cha taifa hukipati mpaka ufikishe miaka 18. Cheti cha kuzaliwa wengine hawajakichukua. Kinachobaki kwenye fomu ni jina, tarehe, mama na nambari ya simu.

Sasa niwaeleze kikao ambacho wengi hawakuja kwa sababu mgeni alikuwa "wa hapahapa".

Alikuwa mama mmoja aliyefanya kazi ya masjala ya zahanati kwa miaka mingi, sasa amestaafu. Vijana walimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa. Hakuwa na kompyuta wala slaidi, alikuja na daftari na kalamu ya ubao. Akaandika majina manne: Khamis, Hamisi, Khadija, Hadija. Akageuka akauliza, "Wanangu, kwa mashine yenu hawa ni watu wangapi?"

Kijana mmoja akafungua PostgreSQL, programu ya hifadhidata, akaita soundex, kanuni inayolipa kila jina msimbo kwa jinsi linavyotamkwa ili majina yanayofanana yapate msimbo mmoja, kwa sababu ndiyo dawa ya kwanza anayofundishwa kila mtu. Khamis ikatoa K520. Hamisi ikatoa H520. Khadija ni K320, Hadija ni H320. Kwa hiyo wanne. Mama akacheka, akasema kwake yeye ni wawili, inategemea tu karani wa siku ile alisoma chuo cha Kurani au alisoma skuli.

Jamani, Soundex ilipewa hataza Marekani mwaka 1918! Ilitengenezwa kwa majina yanayotamkwa Kiingereza. Inashika herufi ya kwanza haiiachi, kisha inatupa vokali na h, na konsonanti zilizobaki inazipa nambari. Kwetu sisi herufi ya kwanza ndiyo hasa inayoyumba, kwa sababu kh ya Kiarabu hugeuka h kinywani mwa mtu na kwenye kalamu yake. Hata nyaraka za PostgreSQL zenyewe zinasema haifai sana kwa majina yasiyo ya Kiingereza. Bado naikuta imepachikwa kila mahali, na mwenye kuipachika ananiambia alimsikia mgeni fulani akiisifu.

Mama akaendelea. Akaandika Mohamed na Mahmoud. Zote mbili M530. Mashine inasema ni mtu mmoja, na kila mtu chumbani alijua ni majina mawili.

Kisha akaandika Hassan, na chini yake Hussein. Tarehe ya kuzaliwa moja. Mama mmoja. Simu moja. Akauliza tena, "Na hawa?"

Kijana akajibu haraka, "Hiyo nakala, shangazi. Mmoja amerudiwa." Na kweli msimbo ni uleule, H250 kwa wote wawili.

"Hao ni pacha," akasema mama.

Chumba kizima kikanyamaza. Pwani yote hii pacha wa kiume huitwa Hassan na Hussein, sote tunalijua hilo, na hakuna aliyelifikiria alipokuwa mbele ya skrini. Akatusimulia zahanati moja iliyoajiri mtu wa kusafisha daftari la chanjo. Mtu yule aliendesha programu ya kuondoa marudio, na jioni ile pacha wakawa mtoto mmoja. Kwenye rekodi, mtoto huyo amechomwa chanjo ileile mara mbili siku moja. Ndugu yake hayupo. Mama mzazi alipokuja na kadi mbili na watoto wawili mgongoni na kifuani, karani mpya akamwambia kadi moja ni ya uongo.

Mimi nimekuwa na kazi hii ya hifadhidata miaka mingi na programu za namna ile nimeziandika. Usiku ule nilirudi nyumbani nikafungua moja niliyoiachia mteja, nikaangalia sharti lake: jina linafanana, tarehe ni moja, simu ni moja, basi unganisha. Nilimpigia asubuhi kabla hajafungua ofisi.

Kuna atakayesema, basi acha Soundex, tumia umbali wa Levenshtein, hesabu herufi ngapi zibadilishwe. Fanya hesabu mwenyewe kwenye karatasi. Kutoka Mohamed kwenda Muhammad, jina lilelile, ni hatua 3: o iwe u, m moja iongezwe, e iwe a. Kutoka Hassan kwenda Hussein, watu wawili tofauti, ni hatua 3 vilevile. Ukiweka kikomo cha 3 unawaua pacha kwenye rekodi, ukiweka 2 Mohamed anabaki watu wawili. Hakuna kikomo kitakachokuokoa, na anayekupa nambari moja ya kutumia popote hajawahi kushika daftari la watu wa huku.

Tulichokubaliana siku ile ni kwamba programu ipendekeze na mtu aamue, na kisifutwe kitu: safu iliyounganishwa ibaki na alama ya ilikotoka, ili kesho iweze kutenganishwa. Mimi nalishika hilo. Lakini niseme ukweli ambao vitabu havisemi. Ukiwa na jedwali la safu laki mbili, huyo mtu wa kuamua hayupo. Mimi huweka kikomo kwa kujaribu, naangalia mifano mia, napunguza, naongeza, na siku ukiniuliza kwa nini nimesimama pale niliposimama sina jibu la kukutosheleza. Naombea mgeni yeyote, wa mbali au wa karibu, aje anifundishe hapo.

Saa nayo. Mgeni wetu mmoja alitumia sehemu kubwa ya muda wake kueleza nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma kwa majira. Sisi hatusogezi: Africa/Nairobi, kama kompyuta inavyouita ukanda wetu wa saa, ni UTC+3, saa tatu mbele ya saa ya dunia, mwaka mzima. Ugonjwa wetu ni mwingine. Karani anapokea mgonjwa saa mbili asubuhi, anaandika 2. Programu inasoma 02:00. Ukichora grafu unaona watu wamejazana zahanati saa nane ya usiku. Ongeza sita, watasema. Ongeza sita kwa safu zipi? Karani wa zamu nyingine alikuwa akiandika kwa hesabu ya Kizungu, kwa hiyo 8 yake ni asubuhi, na 8 ya mwenzake ni saa nane mchana. Safu zikishachanganyika na hakuna safuwima ya nani aliandika, nijuavyo mimi hakuna wa kuzirudisha. Haya tuliyapata kwa yule yule mama, dakika za mwisho, akiwa ameshavaa buibui lake anataka kwenda.

Na alama ya Ng'ang'a, nipite haraka: ikiwa jina hilo bado linavunja fomu yako, unaunganisha maandishi na SQL, lugha ya kuiamrisha hifadhidata, kwa mkono; acha, tumia vigezo, jina lipite kando ya amri. Kisha tafuta Ng'ang'a iliyopigwa kwa simu na iliyopigwa kwa kibodi uone kama zinaonana. Mara nyingi hazionani, kwa sababu ile alama ya kati kwenye simu ni herufi nyingine kabisa ijapokuwa jicho haliioni.

Sisemi wa mbali wasije. Mgeni bora kuliko wote niliowahi kumwalika alitoka Nairobi. Wiki mbili kabla ya kuja alinipigia akauliza majedwali yetu yana ukubwa gani, umeme hukatika mara ngapi, na nani hapa amewahi kurejesha bakapu yake, ile nakala ya akiba, mpaka ikafunguka. Aliyewahi kurejesha alikuwa mmoja tu. Basi akaacha mada aliyokuwa ameandaa, tukashinda mchana wote tukirejesha bakapu za watu, na mbili zilikuwa faili tupu. Huyo alikuja kutibu, maana aliuliza kwanza. Na nimewahi kumwalika wa hapahapa aliyetusomea slaidi alizozichota mahali, hakujibu swali hata moja. Kwa hiyo mimi sipimi nauli aliyolipa mtu. Napima kama ameishika data yenyewe, na kama yuko tayari kutuonyesha pale ilipomshinda.

Shida ninayoiona, na sijapata tiba yake, ni kwamba walio karibu na data ndio wagumu kupatikana. Wanaona haya. Wanasema, mimi ni karani tu, nitawaambia nini nyinyi wataalamu. Wengine wakubwa wao huwakatalia, na wakati mwingine wana haki: tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huwezi kusimama mbele ya watu ukionyesha rekodi za wagonjwa. Lakini yule mama hakuonyesha rekodi hata moja. Aliandika majina ambayo kila mtaa unayo.

Na wewe kijana wangu wa hoteli, kiti chako siku ile kilikuwa kitupu, na wageni wako pia huitwa Mohamed na Muhammad.

Mgeni wa mwezi huu anapima samaki wanaposhushwa. Jumamosi, saa nane mchana, palepale. Nilimuuliza ataleta nini, akasema madaftari matatu na swali moja: samaki yule yule hapa anaitwa tafi, mvuvi wa Unguja akiingia anamwandikisha tasi, na afisa anataka jumla ya mwezi kwa kila aina. Anataka kujua ajumlishe vipi. Nimemwambia aje mapema tule mahamri kwanza.